Kanuni za Gofu kwa Anayeanza: Mashimo Tisa Yako ya Mwanzo

"Hewa, yaani ukirusha fimbo ukaukosa mpira, inahesabiwa?" Hilo ndilo swali la mwanzo kila nikimtoa mtu mjini kumpeleka kiwanjani. La pili: "Mpira umeingia majanini, naruhusiwa kuusogeza kidogo?" La tatu huja kwenye shimo la nne hivi, sauti ishapungua: "Hivi nimeshapiga mingapi?"

Majibu ni haya. Hewa inahesabiwa. Kuusogeza huruhusiwi. Na mingapi umepiga, unayepaswa kujua ni wewe mwenyewe, kwa sababu gofu haina refa anayekufuata na filimbi. Ukicheza bao barazani una watu wanane wamekuzunguka, ukikosea kete moja wote wanapiga kelele. Kwenye gofu unaweza kuwa peke yako nyuma ya mwembe, mpira umehama kwa kuguswa na kiatu chako, hakuna aliyeona, na kanuni bado inakutaka ujiongezee mkwaju, yaani pigo moja kwenye hesabu yako. Ndiyo maana naona anayeanza afundishwe kanuni mapema, hata kabla hajajua kushika fimbo vizuri. Mtu anayepiga vibaya akahesabu sawa, kila kikundi kitamkaribisha.

Hapa Unguja kiwanja cha kuchezea ni kile cha mashimo 9 cha hoteli ya Sea Cliff, upande wa Mangapwani. Zama za Waingereza gofu ilichezwa pale Mnazi Mmoja, mjini kabisa, lakini leo ukipapita huoni hata dalili ya shimo. Kwa hiyo wengi wetu tumeanza ukubwani, na tumejifunza kwa kuambiwa na aliyetutangulia. Tahadhari hapo: kanuni zilibadilika sana mwaka 2019, zikaguswa tena kidogo mwaka 2023. Mchezaji wa zamani anaweza kukufundisha kwa nia njema kitu ambacho hakipo tena. Wenye kuziandika ni R&A ya St Andrews, Uskochi, wakishirikiana na USGA ya Marekani, na toleo ninalolifuata hapa ni lile lililoanza Januari 1, 2023.

Uwe na nini kabla hujatoka

Fimbo zisizidi 14. Anayeanza hahitaji hata nusu yake: draiva (ya kupigia mbali) au fimbo moja ya mbao, aiani (fimbo za chuma) tatu au nne, weji moja ya mchangani, na pata ya kusukumia mpira kwenye grini, yaani majani mafupi yanayolizunguka shimo. Kuazima seti ni sawa, ila muazime kabla ya kuanza. Wawili hamwezi kuchangia seti moja mkawa mnapokezana katikati ya mchezo, kila mtu awe na zake.

Mipira sita au zaidi, na kalamu ya wino usiofutika. Chora alama yako kwenye kila mpira: nukta mbili, herufi ya jina lako, chochote. Usidharau jambo hili. Mashindano yangu ya mwanzo nilipiga mpira uliokuwa na chapa na namba sawasawa na wangu, nikaukuta wangu hatua kumi mbele. Nikalipa mikwaju miwili, na mwenzangu naye akapoteza muda akiutafuta wake.

Vijiti vya tii, vya kuwekea mpira unapoanza shimo. Sarafu ya kuwekea alama kwenye grini, ya shilingi 200 inatosha. Kifaa cha kuinulia mashimo madogo ambayo mpira huyaacha ukitua kwenye grini. Kama huna, kijiti cha tii kinafanya kazi. Kalamu ya risasi ya kujazia kadi. Maji, kofia, na kama ni masika au vuli, mwavuli na taulo.

Nguo: kanuni zenyewe hazichagui vazi, uongozi wa kiwanja ndio unaopanga. Kawaida huwa ni shati yenye kola, na suruali ya kitambaa au sketi. Kina dada huniuliza kuhusu hijabu. Hakuna kanuni inayoikataza. Ila ifunge vizuri na uifiche ncha yake ndani, maana upepo wa kusi ukishika hukuletea kitambaa usoni wakati fimbo iko juu.

Pigeni hesabu ya muda. Mashimo tisa kwa wanaoanza huchukua zaidi ya saa mbili. Anzeni asubuhi mapema mmalize kabla ya adhuhuri, au baada ya alasiri mkiwa na hakika mtamaliza kabla ya magharibi. Mkiwa mnacheza kirafiki na wakati wa sala umewakuta katikati, kaeni pembeni, wapisheni wa nyuma yenu wapite, kisha muendelee. Kwenye mashindano usisimame kwa uamuzi wako mwenyewe. Iulize kamati ya mashindano kabla ya kuanza, si baadaye.

Hatua za mchezo

1. Anzia pahala panapostahiki.
Utaona alama mbili chini, mara nyingi za rangi. Mpira wako uwe katikati yake, usipite mbele hata kwa kidole. Unaweza kurudi nyuma hadi urefu wa fimbo mbili. Miguu yako inaweza kuwa nje, mpira ndio lazima uwe ndani. Ukipigia nje ya eneo hilo kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju (mwenye michache ndiye mshindi), ni adhabu ya mikwaju 2 na unapiga upya kutoka ndani.

Mpira ukianguka kwenye kijiti kabla hujapiga, urudishe, hakuna adhabu. Kujaribu fimbo bila nia ya kupiga hakuhesabiwi. Lakini ukikusudia kupiga ukakosa, huo ni mkwaju mmoja, japo mpira haukutikisika. Kinachosahaulika na wengi: baada ya hewa hiyo, kama mpira bado umo ndani ya eneo la kuanzia, unaruhusiwa kuuweka tena juu ya kijiti. Sasa unapiga wa pili.

Kabla hujapiga, tazama mbele. Wenzako wa kikundi cha mbele wakiwa karibu, subiri. Na mpira ukielekea kwa mtu, piga ukelele mkubwa wa "Foo!" hapohapo. Ndivyo wachezaji wanavyotahadharishana dunia nzima. Mpira wa gofu ni mdogo, lakini ukimpata mtu kichwani ni msiba.

2. Piga mpira ulipolala.
Hii ndiyo kanuni mama. Ulipolala ndipo unapopiga, ukiwa kwenye fewei nzuri (njia ya majani mafupi) au ukiwa kwenye rafu (majani marefu ya pembeni) umejificha. Usikanyage majani nyuma ya mpira ili yalale. Usivunje tawi linalokuzuia kuinua fimbo. Usisawazishe ardhi. Kuyafanya hayo ni mikwaju 2.

Unaruhusiwa kuondoa vitu vilivyolegea: jani kavu, kuti lililoanguka, dafu lililodondoka, kijiwe kinachookoteka. Viondoe taratibu, kwani mpira ukihama kwa sababu yako unaurudisha ulipokuwa na kujiongezea mkwaju 1. Jiwe la maweni lililozama ardhini si kitu kilicholegea, na kisiwa chetu kimejaa mawe hayo. Hilo ni sehemu ya kiwanja, sawa na mzizi wa mwembe. Utapiga kando yake au utautangaza mpira haupigiki, nitakuja huko.

Takataka za watu, kama chupa au karatasi, unaziondoa bila adhabu, na hata mpira ukihama unaurudisha tu.

Kama huna hakika mpira ni wako kwa sababu alama imelala chini, weka kwanza sarafu au kijiti nyuma yake, uinue, utazame, uurudishe. Usiufute zaidi ya kiasi cha kuuona. Ukiuinua bila ya kuweka alama ni mkwaju 1.

3. Mpira usipoonekana.
Una dakika 3 za kutafuta, tangu ulipoanza. Sio 5, hizo zilikuwa kabla ya 2019. Zikipita, mpira umepotea hata ukiukuta sekunde inayofuata.

Mpira uliopotea, na mpira uliotoka nje ya mipaka (vigingi vyeupe), hukumu yao ni moja: unajiongezea mkwaju 1 na unarudi kupiga pale ulipoupigia mara ya mwisho. Kurudi nyuma mita mia mbili jua la saa nne ni adhabu ya pili. Ndiyo maana kuna mpira wa akiba. Ukiona wako huenda umepotea au umetoka, kabla hujaondoka hapo tamka mbele ya wenzako kwamba unapiga mpira wa akiba, kisha upige. Ukiukuta wa mwanzo ndani ya dakika 3 na ndani ya mipaka, unaendelea nao na wa akiba unauokota bila hesabu. Usipoukuta, wa akiba ndio wako, pamoja na mkwaju wa adhabu.

Kosa linalorudiwa kila wiki: mtu anachomoa mpira mfukoni na kupiga kimya kimya. Usipotamka, huo si wa akiba tena. Ndio mpira wako hasa, na ule wa mwanzo umekufa hata ukiukuta katikati ya fewei.

Viwanja vyengine huweka kanuni ya ndani kwa michezo ya kawaida: badala ya kurudi, unadondosha pembezoni mwa fewei karibu na ulipopotelea, kwa adhabu ya mikwaju 2. Uliza kabla ya kuanza. Kama ipo, itawaokolea muda mwingi.

4. Jua nafuu ipi ni ya bure na ipi unalipia.
Hapa ndipo wanaoanza wanapochanganyikiwa, kwa hiyo soma polepole.

Nafuu ya bure unaipata pale kikwazo kinapokuwa si sehemu ya mchezo: njia ya magari ya gofu iliyomwagwa zege au kifusi, kichwa cha bomba la kumwagilia, maji ya mvua yaliyotuama, sehemu iliyowekewa alama kwamba inatengenezwa, shimo lililochimbwa na mnyama (vishimo vya wadudu havimo). Inatosha kikwazo kiuguse mpira, au kikuzuie kusimama au kuzungusha fimbo. Mti hauingii humu, wala kigingi cheupe cha mpaka. Hicho usiking'oe kamwe.

Namna ya kuichukua: tafuta pahala pa karibu zaidi ambapo kikwazo hakikusumbui tena, pasipokaribia shimo. Kutoka hapo pima urefu wa fimbo moja, iliyo ndefu kuliko zote mfukoni mwako isipokuwa pata. Dondosha ndani ya eneo hilo. Neno la kushika ni "karibu zaidi", si "pazuri zaidi". Mara nyengine pa karibu ni kwenye rafu au nyuma ya mti, wakati upande wa pili wa njia kuna majani mazuri. Huchagui. Kwa hiyo tazama kwanza utakapoangukia kabla hujauinua mpira. Kuupiga ulipo juu ya zege kunaweza kuwa afadhali.

Mpira uliojichimbia kwenye ardhi laini, nje ya bunka (shimo la mchanga) na nje ya eneo la adhabu, nao una nafuu ya bure. Kwenye masika hili hutokea mara kwa mara.

Nafuu ya kulipia ni ya mkwaju 1, na inakuja kwa sura mbili.

Ya kwanza ni eneo la adhabu, lenye vigingi vya manjano au vyekundu: bahari, bwawa, bonde la magugu, chochote uongozi ulichokiwekea alama. Ukiweza kupiga kutoka humo, piga, hakuna adhabu, na siku hizi unaruhusiwa hata kugusa chini kwa fimbo kabla ya kupiga. Usipoweza, ongeza mkwaju 1 kisha chagua. Unaweza kurudi ulipoupigia mara ya mwisho. Au vuta mstari wa moja kwa moja kutoka kwenye shimo kupitia pale mpira ulipovuka mpaka wa eneo, urudi nyuma upendavyo juu ya mstari huo, udondoshe. Kama vigingi ni vyekundu una la tatu: dondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka mpira ulipovuka, bila kukaribia shimo. Manjano hayana la tatu. Tazama mpira ulipovukia, si ulipozama. Huo ndio ubishi mkubwa kiwanjani, basi mara tu mpira unapovuka kubalianeni pahala hapo hapo.

Ya pili ni mpira usiopigika. Wewe peke yako ndiye mwenye uamuzi, na unaweza kuutangaza popote isipokuwa ndani ya eneo la adhabu. Umebanwa na mizizi, umekaa kwenye ufa wa jiwe, umeganda kwenye kichaka cha miba? Ongeza mkwaju 1, kisha rudi ulipopigia, au rudi nyuma kwenye mstari wa shimo na mpira, au dondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kukaribia shimo. Wanaoanza huona haya kuutangaza. Wanapiga mara nne ndani ya kichaka na fimbo inarudi na majani. Lipa mmoja utoke.

Kudondosha kwenyewe: simama, nyoosha mkono kwenye usawa wa goti, uachie mpira uanguke wenyewe. Usiurushe, usiuzungushe. Sio begani tena. Ukidondosha kutoka begani na ukagundua kabla ya kupiga, udondoshe upya tu. Ukitua ndani ya eneo ukabingirika nje, rudia mara ya pili; ukitoka tena, uweke kwa mkono pale ulipogusa chini mara ya pili.

5. Bunka.
Usiguse mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, wala unapojaribu, wala unaporudisha fimbo nyuma kupiga. Kufanya hivyo ni mikwaju 2. Majani na vijiwe unaweza kuviondoa. Ukishindwa kabisa kutoka, una nafuu nyengine: kwa mikwaju 2 unadondosha nje ya bunka, nyuma, kwenye mstari wa shimo. Ukitoka, chukua reki ufute nyayo zako.

6. Kwenye grini.
Tembea polepole, usiburure miguu, wala usipite juu ya njia baina ya mpira wa mwenzako na shimo. Weka sarafu nyuma ya mpira kabisa, ndipo uuinue na kuufuta. Urudishe palepale, kisha ondoa sarafu kabla ya kupiga; ukiisahau chini ni mkwaju 1. Unaruhusiwa kutengeneza alama za viatu na vishimo vya mipira, kuondoa mchanga, na mpira ukihama kwa bahati mbaya unaurudisha bila adhabu. Huruma hii ni ya kwenye grini tu, usiibebe ukaitumia kwenye fewei.

Bendera unaweza kuiacha shimoni au kuitoa. Ukiiacha na mpira ukaigonga, si kosa.

Ukipiga mpira wako kutoka kwenye grini ukaugonga wa mwenzako uliokuwa nao juu ya grini, ni mikwaju 2 kwako kwenye mchezo wa kuhesabu. Basi muombe auinue mapema.

Na malizia. Kwenye mchezo wa kuhesabu hakuna "huo umeingia, bwana". Hata ukibaki shubiri moja, upige uingie. Msamaha wa namna hiyo ni wa mchezo wa mtu kwa mtu, ambapo mpinzani wako anaweza kukupa.

7. Hesabu kwa sauti.
Kila shimo lina pa yake, yaani idadi anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari: 3, 4 au 5. Wewe hesabu mikwaju na adhabu pamoja. Chukua shimo la pa 4:

Mkwaju wa 1 unatoka nje ya mipaka. Adhabu 1, jumla 2.
Unapiga tena kutoka eneo la kuanzia: wa 3, umekaa fewei.
Wa 4 unaingia eneo jekundu. Adhabu 1, jumla 5.
Unadondosha na kupiga wa 6, umepanda grini.
Wa 7 unasogea karibu na shimo, wa 8 unaingia.

Andika 8. Si 6, ingawa mara ulizoupiga mpira ni sita. Mkitoka kwenye grini tajaneni namba. Kwenye mashindano kadi yako anaijaza mwenzako, na wewe unaijaza yake. Mwishoni unalinganisha, unatia saini, ndipo unairudisha. Ukirudisha namba ndogo kuliko uliyopiga unaondolewa, isipokuwa kama kilichopungua ni adhabu ambayo hukujua umeipata.

Ukitaka handikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango chako cha uchezaji, kadi za mashimo 54 ndizo zinazopendekezwa kuanzia. Kwa kiwanja cha mashimo 9 ni mizunguko sita. Katika kadi hizo za mwanzo, shimo moja halihesabiwi zaidi ya pa jumlisha 5. Mimi huwaambia wanaoanza watumie kipimo hichohicho kwenye michezo ya kirafiki: pa 4 ukifika 9, okota mpira utembee. Kikundi cha nyuma kitakushukuru. Kiwango cha juu cha handikapu ni 54.0, kwa wanaume na wanawake, kwa hiyo usiogope kuanzia juu.

8. Usicheleweshe.
Jiandae wakati mwenzako anapiga. Zamu yako ikifika, kanuni zinapendekeza sekunde 40 zitoshe. Kwenye mchezo wa kuhesabu, aliye tayari apige, maadamu ni salama, hata kama si wa mbali zaidi.

Usimuulize mpinzani ametumia fimbo gani wala namna ya kupiga. Kuomba ushauri ni mikwaju 2. Kuuliza kanuni, au umbali hadi kwenye bendera, kunaruhusiwa kwa mtu yeyote. Kedi wako, anayekubebea fimbo, muulize utakalo, na makedi wengi wanazijua kanuni kuliko tunavyowadhania.

Mambo yakikwama

*Kunguru ameuchukua mpira.* Kwa Unguja hili si swali la kubuni. Kama mmeona, au mna hakika karibu kamili kwamba ni kunguru, hakuna adhabu. Weka mpira mwengine pale mnapokisia ulikuwa umelala. Kama mnadhani tu, huo ni mpira uliopotea.

*Mpira umenasa juu ya mnazi.* Kwanza uutambue kwamba ni wako. Mkiwa na simu yenye kamera ya kuvuta karibu, alama yako itaonekana. Ukitambulika, utangaze haupigiki, mkwaju 1, na vipimo vinaanzia ardhini chini yake. Usipotambulika, umepotea. Usipande.

*Nimepiga mpira wa mtu.* Mikwaju 2, na mapigo uliyoupigia mpira huo hayahesabiwi. Rudi kwenye wako. Kwenye mchezo wa kuhesabu, usipolirekebisha kabla hujaanza shimo linalofuata, unaondolewa.

*Fimbo imegonga mpira mara mbili kwa pigo moja.* Mkwaju mmoja, hakuna adhabu, maadamu hukukusudia.

*Mpira umenirudia ukanigonga.* Hakuna adhabu kama ni bahati mbaya. Piga ulipolala. Ni hivyo hivyo hata kama ulipiga kutoka kwenye grini.

*Nimeukanyaga mpira wangu nikiutafuta.* Urudishe, hakuna adhabu. Ukiukanyaga bila ya kuwa unautafuta, nje ya grini, ni mkwaju 1.

*Nina fimbo 15.* Mikwaju 2 kwa kila shimo ulilocheza nazo, isiyozidi 4 kwa mzunguko. Iliyozidi itoe kwenye mchezo mara tu ugunduapo.

*Radi inapiga.* Acha hapohapo, ondoka uwazini, usijikinge chini ya mti, weka fimbo chini. Huhitaji ruhusa ya mtu.

*Tunabishana, na hatujui kanuni.* Kwenye mchezo wa kuhesabu kuna njia nzuri: cheza mipira miwili hadi mwisho wa shimo hilo. Kabla hujapiga, mwambie mwenzako unafanya hivyo na ni upi unaotaka uhesabiwe kama kanuni itakuruhusu. Andika namba zote mbili. Kisha iambie kamati kabla ya kurudisha kadi, hata kama mipira yote miwili imetoka sawa.